Mume wa Hadithini

Katika mji wetu wa Niska Bay hakuna mwandishi anayenifikia, na nasema hivyo bila kuona haya. Tuko watano. Mmoja anaandika kuhusu paka wake tu, mwingine anaandika kuhusu watu wa sayari ya mbali ambao wote huzungumza kama askari wa misitu, na mwalimu wetu haandiki tena. Anabaki Lorraine Haapala, na huyo ananishinda. Basi niseme mimi ni wa pili, ingawa paka naye siku hizi anakuja vizuri.

Haya ni ya Lorraine na mumewe Verner. Mimi nilikuwapo pale yalipomalizikia, kwenye chumba cha chini ya maktaba. Ya nyumbani kwao nimeyapata kwa Lorraine, na mengine kwa Verner mwenyewe, ukimpa kahawa ya kutosha. Pale wote wawili waliponyamaza nimejaza mwenyewe. Ndivyo tulivyofundishwa.

Darasa letu hukutana kila Alhamisi saa nane mchana, kando ya tanuri linalopasha maktaba joto. Mwalimu ni Marguerite Beauchamp, aliyefundisha sekondari mpaka magoti yake yakakataa ngazi, na sasa anatufundisha mwisho wa ngazi kumi na nne kwa sababu maktaba haina chumba kingine. Ana sheria zake. Hadithi yako inagawiwa wiki moja kabla, kila mtu anakwenda na nakala nyumbani. Zamu yako ikifika unasoma ukurasa mmoja kwa sauti, kisha unafunga mdomo. Wenzako wanaijadili mbele yako kana kwamba umeshazikwa, na wewe huruhusiwi kujitetea, kufafanua, wala kuguna.

"Msomaji wako akiwa kitandani na kitabu," Marguerite husema, "hutakaa kwenye mto wake umweleze ulichokusudia. Kama hakimo kwenye karatasi, hakimo."

Tena hakuna kusema "wewe" wala "mume wako". Ni mke wa hadithini, mume wa hadithini, mtoto wa hadithini, hata kama mtoto mwenyewe amekuja kukuchukua na gari na amesimama mlangoni.

Lorraine alipojiunga nasi alileta hadithi ya kabaila wa Paris aliyempenda mjane. Kabaila alikuwa na kidevu cha chuma na farasi wawili.

"Lorraine," Marguerite akamwambia, "umewahi kufika Paris?"

"Sijafika hata Chicago."

"Na kabaila, umewahi kumwona?"

"Kwenye kopo la biskuti."

Tulicheka mpaka Gladys Uren akapaliwa. Marguerite hakucheka. "Huyu mrudishe kwenye kopo lake. Umewapikia watoto wa shule miaka ishirini na saba. Hujaona kitu?"

"Nimeona watoto wakila."

"Wanakulaje?"

Lorraine akafikiri. Akasema mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna chakula huwa hali haraka kama watu wanavyodhani. Hula polepole sana, lakini kwanza hutia mkate mfukoni.

Tanuri tu ndilo lililosikika.

"Umejisikia?" Marguerite akamuuliza. "Umetuumiza sote na hujatumia neno huzuni hata mara moja. Hiyo ndiyo kazi. Hakuna nyingine."

Mwezi Januari akatupa zoezi la kuandika jambo ambalo nyumbani kwetu halizungumzwi. Mimi niliandika kurasa mbili nikazitia jikoni motoni, maana jambo lenyewe bado liko hai na Jumapili huja kula kwangu. Lorraine aliandika kurasa kumi na moja.

Aliandika kwamba miaka kumi na minne nyuma, kiwanda cha karatasi kilipopunguza watu, mume alikuwa mmoja wao na hakumwambia mkewe. Kwa wiki saba aliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na mkebe wake wa chakula, akarudi saa kumi jioni akimlalamikia msimamizi. Siku ya tatu mke alikuwa anafua. Akanusa shati. Mtu wa kiwanda cha karatasi hurudi nyumbani ananuka mayai viza, na hakuna sabuni inayoitoa harufu hiyo. Shati lile lilinuka shati. Mke akajua, akanyamaza. Akaendelea kumfungia chakula kila asubuhi, mkate wenye nyama aliokuwa akiukata vipande vinne badala ya viwili ili umchukue muda kuumaliza. Wiki ya nane mume akapata kazi ya kuendesha gari la wilaya la kuondolea theluji, akaingia ndani akasema kiwanda kimemchosha, ameacha mwenyewe. Mke akamwambia, "Umefanya vizuri."

Mume aliitwa Carl na mke aliitwa Edith. Hakuna aliyedanganyika.

Marguerite akataka iwe ya kwanza katika mkusanyiko wa maktaba. Kitabu hicho hutoka kila Machi, nakala mia na ishirini, na zote huisha kwa sababu kila mtu hapa mjini hukinunua ili ahakikishe hayumo. Lorraine akasema lazima kwanza amwombe Verner ruhusa. Akasema hivyo wiki ya kwanza, na ya pili, na ya tatu.

Kisha Verner akaenda posta.

Kinachosomwa darasani hakitoki nje, hiyo nayo ni sheria, na Gladys, ambaye ndiye wa paka na ndiye wa posta, hajawahi kuivunja. Hakusema neno. Alimwona tu Verner amesimama mbele ya dirisha lake anataka stempu, macho yakamjaa machozi, akaupitisha mkono chini ya kioo akamshika vidole.

"Wiki saba, Verner," akasema.

"Wiki saba za nini? Nataka stempu kumi."

"Na yeye anajua siku zote hizo! Mimi mume wangu ningemmwagia maji."

"Nani anajua nini?"

Gladys akaona alipofika. "Namaanisha Carl."

"Carl gani?"

Nyuma ya Verner walikuwa watu wanne. Wa tatu alikuwa Duane Sobczak, yule wa sayari ya mbali, mtu mwema kupita kiasi. Akaona mwenzake amekwama, akaamua kusaidia.

"Carl wa hadithini, Verner," akasema kwa sauti ya kutosha posta nzima. "Wa mkebe wa chakula."

Verner akaacha stempu pale pale.

Lorraine alikuwa jikoni anakunja unga wa pasti, mkate wetu wa kujazwa, na nyama na viazi vimeshakatwa. Mumewe aliingia na koti lake, na buti zake, na theluji iliyoanza kuyeyuka sakafuni, jambo ambalo siku nyingine lingemletea maneno.

"Carl ni nani?"

Lorraine akafuta mikono. "Nilikuwa nataka kukwambia."

"Posta wamekusaidia." Akavuta kiti akakaa. "Ulijua?"

"Tangu siku ya tatu."

"Siku ya tatu ya wiki ya saba."

"Ya wiki ya kwanza."

Verner akaitazama meza kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka pale juzi. "Na ulikuwa unanifungia chakula."

"Ungekula nini?"

"Nilikuwa naingia kwa mlango huu namtukana msimamizi. Kila jioni! Nawe unaitikia. Ulikuwa unasema, 'Mtu yule hana adabu.'"

"Hakuwa na adabu. Si ndiye aliyekufukuza?"

"Mama, miaka kumi na minne nimejiona mjanja ndani ya nyumba hii."

"Kuna mambo mengine ulikuwa mjanja."

"Mambo gani?"

Lorraine alifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza. Verner akasimama, akatoka nyuma ya nyumba, akawasha sauna, kibanda cha kuogea mvuke. Ilikuwa Jumanne. Kwetu sisi sauna ni Jumamosi, na mwanamume akiiwasha Jumanne jirani hupiga simu kuuliza nani amefariki. Mimi nilipiga.

Alitoka huko baada ya saa mbili, mwekundu kama kiazi sukari kilichochemshwa, akakaa mbele ya pasti iliyopoa.

"Sitaisoma," akasema. "Mimi si mtu wa hadithi."

"Ukisema nisiitoe, sitaitoa."

"Sijasema."

"Basi sema, Verner. Ndiyo au hapana."

"Nimesema sijasema."

Ndoa yao ina miaka arobaini na mmoja, na Lorraine anajua kwamba kwa Verner kutosema ni kukataa kwa heshima. Akachukua zile kurasa kumi na moja, akaziweka juu ya friji chini ya kikapu cha mkate, akamtoa kabaila kwenye kopo lake.

Marguerite anatufundisha tusome kila sentensi kwa sauti, na ulimi ukijikwaa basi sentensi ndiyo mbovu, wala si ulimi. Kwa hiyo Jumamosi mchana Lorraine alikuwa kwenye meza ya jikoni anamsoma kabaila kwa sauti, na Verner upande wa pili anachonga samaki wa mbao, chambo cha kuvulia kwenye barafu ya ziwa. Ulimi ulijikwaa tangu farasi wa kwanza.

"Huyo bwana anafanya kazi gani?" Verner akauliza.

"Ni kabaila."

"Hilo nimesikia. Anafanya kazi gani?"

"Makabaila hawafanyi kazi."

"Basi farasi nani anawalisha?"

"Verner, hii ni hadithi ya mapenzi."

"Hata kwenye mapenzi farasi anakula." Akapuliza vumbi la mbao. "Na mbona kila ukurasa machozi yanamtiririka? Mtu huyo atakaukiwa. Mpe maji."

Lorraine akacheka, hakuweza kujizuia. Kisha kicheko kikamwishia mdomoni, akazipanga karatasi zake ziwe sawa ingawa zilikuwa sawa.

"Najua ni mbaya," akasema. "Lakini mkusanyiko unafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, na sina nyingine."

"Lazima uwemo?"

"Si lazima. Nina miaka sitini na minane, hakuna kitu cha lazima tena." Akaziweka karatasi mezani. "Verner, kila nilichokitengeneza maisha yangu kimeliwa siku ile ile. Asubuhi napika, jioni masufuria ni matupu. Sikulalamika, ndiyo maana ya chakula. Lakini nilitaka kimoja kibaki."

Verner akamgeuza samaki wake mkononi, akamtazama upande mmoja, akamtazama wa pili.

"Ile nyingine," akasema, "nayo ilikuwa na farasi?"

"Haikuwa na farasi."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri," Lorraine akasema, akaondoka kwenda kuanua nguo.

Alhamisi kulikuwa na baridi ya kupasua chupa. Gari la Lorraine likakataa kuwaka, Verner akalazimika kumpeleka na pikapu, akasema atamsubiri nje. Marguerite alikuwa mlangoni na fimbo yake.

"Bwana Haapala, ukigandia kwenye maegesho yangu nitajaza fomu mpaka Pasaka. Ingia."

"Nakuja kuota moto tu," Verner akasema. Akashuka ngazi, akakaa kando ya tanuri juu ya kasha la magazeti ya zamani, akatuonyesha ubavu. Gladys akawa mwekundu. Duane akamsalimia kwa upole mwingi sana, kama mtu anavyomsalimia mfiwa.

Lorraine hakukaa. "Mwalimu, kabla hatujaanza, nataka kuiondoa hadithi yangu. Nimeleta ya ka..."

"Leo ni zamu ya nani?"

"Yangu, lakini..."

"Mwenye zamu anasoma ukurasa mmoja, kisha ananyamaza. Mengine mwishoni."

"Marguerite, tafadhali, unaona nani amekaa..."

"Namwona mtu anaota moto. Soma."

Nakala tulikuwa nazo tangu Januari, zamu yake ikiahirishwa wiki hadi wiki kungoja ruhusa, kurasa zote kumi na moja, zimejaa kalamu nyekundu za Duane. Lorraine alimtazama mumewe, Verner akatazama tanuri. Akasoma ukurasa wa shati. Sauti ilimtetemeka mistari mitatu ya mwanzo, kisha ikatulia, maana ukurasa ule unambeba msomaji wake. Alipomaliza akaweka kiganja mdomoni, akakibakiza hapo.

"Nani anaanza?" Marguerite akauliza.

"Mimi nampenda mke wa hadithini," Gladys akasema, macho chini. "Sana. Na mume wa hadithini... simchukii."

"Mimi nina swali," Duane akasema. "Mume anaondoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa kumi jioni. Katikati kuna shimo. Mwandishi anatuambia alikuwa machimbo ya kokoto, kwenye pikapu, anasikiliza redio, na saa sita anafungua mkebe anakula. Basi. Siku hiyo hiyo mara thelathini na tano. Jikoni nauona mvuke kwenye dirisha. Machimboni sioni kitu. Nahisi mwandishi alibahatisha."

Kila mtu akakubali, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli. Pembeni nikaona shingo ya Verner imeanza kupanda rangi. Nikaona ni dhambi kuuacha moto ule uzime.

"Labda alikuwa na mwanamke," nikasema.

"Impi!" Gladys akanikemea kwa jina.

"Wa hadithini, nasema. Carl. Mtu mwenye muda kama huo na pikapu yenye joto."

"Hata mimi nilijiuliza," Duane akasema, akapindua kurasa. "Ukurasa wa sita kuna mahali anarudi anapiga mluzi."

"Hakuwa na mwanamke!"

Sote tukageuka. Verner alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Bwana Haapala..." Gladys akaanza.

"Mwacheni," Marguerite akasema. "Sheria inamnyamazisha mwandishi. Mhusika sheria haimtaji. Endelea, bwana."

Verner akaonekana kama mtu aliyekanyaga barafu na kusikia imelia. Lakini alikuwa ameshafika katikati.

"Hakula saa sita," akasema. "Hapo ndipo pabaya. Saa sita ni ya mtu mwenye kazi. King'ora kinalia, unakaa na wenzako, mnakula. Yeye king'ora hana. Saa tatu na nusu asubuhi ameshamaliza chakula chote. Kila siku anasema leo nitasubiri, na kila siku saa tatu na nusu mkebe ni mtupu, maana hakuna kitu kingine cha kufanya mle ndani. Vipande vinne, ndiyo, niliona ni vinne. Havikusaidia. Halafu unakaa na njaa mpaka saa kumi. Ukifika nyumbani unakula kama mtu aliyefanya kazi, na mkeo anafurahi kukuona unakula, nawe unajisikia mwizi."

Kalamu tu zilisikika, maana sote tulikuwa tunaandika, mimi wa kwanza. Lorraine sasa alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Machozi yalipita juu ya vidole vyake, lakini sheria hakuivunja.

"Saa tatu na nusu," Marguerite akasema taratibu. "Mmesikia? Hicho huwezi kukibuni ukiwa jikoni. Tangu mwaka jana nawaambia, ukifika mahali hujui, usipambe, usipige maneno rangi. Inuka ukamuulize aliyekuwepo."

"Kama itachapishwa," Verner akasema, "isiwe na saa sita."

"Kwa hiyo itachapishwa?" Gladys akauliza.

"Nimesema isiwe na saa sita."

Kwa watu wetu hiyo ni ruhusa yenye mhuri. Gladys akapiga makofi mawili, akajizuia la tatu. Duane akampa Verner kiti chake, na Verner akakikubali, akapokea kahawa na kipande cha mkate mtamu wa iliki, akanyoosha miguu. Nilimwona mtu aliyeingia chumbani anaogopa kuchekwa, na sasa watu wazima wanne wanaandika maneno yake. Ilimkaa vizuri.

"Unasoma kwa makini sana, Bwana Haapala," Marguerite akasema.

"Mimi? Sijaisoma. Nimesikia huo ukurasa mmoja hapa hapa, basi. Nimeshamwambia mama, mimi si mtu wa hadithi." Akanywa kahawa. Sifa zilikuwa zimeshampanda. "Ila kuna jambo moja tu, kule mwisho. Mimi ningekomea pale mke anaposimamisha gari la dada yake juu ya machimbo, anamwona mume amelala na kofia usoni, anageuza anarudi zake nyumbani. Hapo panatosha. Yale maneno ya chini yake, ya moyo kufanya nini, ningeyafuta."

Tukapindua nakala zetu. Duane alizipindua mara mbili, akatazama hata nyuma ya karatasi ya mwisho. Nakala zetu ziliishia kwenye "Umefanya vizuri". Hakukuwa na gari la dada. Hakukuwa na kofia.

Lorraine akaondoa mikono mdomoni. Zamu yake haikuwa imekwisha, lakini Marguerite hakumzuia.

"Verner," akasema. "Ukurasa huo nimeuandika Jumapili, ulipokuwa barafuni. Uko nyumbani, kwenye droo, chini ya vitambaa vya kufutia vyombo. Sijamwonyesha mtu."

Verner akaitazama kahawa yake, akatazama tanuri, akatazama ngazi zote kumi na nne.

"Nilikuwa natafuta kitambaa," akasema, "nifute vyombo."

"Vyombo?" Lorraine akasema. "Wewe?"